Saa za mazoezi zimefika Arua na Koboko: namba zipi ni za kuaminiwa?

Ukipita leo kwenye vibanda vya simu mjini Arua, kati ya chaja, vipokea sauti na makava ya simu, utaona safu ya saa nyeusi zenye mkanda wa mpira. Muuzaji akikufunga moja mkononi, kioo kinawaka na namba zinaanza kumiminika: hatua ulizotembea, mapigo ya moyo, kalori ulizotumia, usingizi wa usiku uliopita, oksijeni katika damu, shinikizo la damu, na katika baadhi yake hata sukari. Koboko nako, mji ulio jirani na Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako bidhaa huingia na kutoka kwa njia nyingi, saa hizo zinapatikana bila shida. Wengine huziita saa janja, wengine saa za mazoezi.

Mwandishi wa makala hii ana sababu yake ya kuuliza kama zinasema kweli. Mwaka jana nilimnunulia shangazi yangu, mkulima wa upande wa Koboko, saa ya aina hiyo kwa shilingi 60,000. Shangazi ana shinikizo la damu na ameagizwa kumeza vidonge kila siku. Kwa wiki kadhaa saa ilimwonyesha 118 kwa 76, au namba iliyokaribiana sana na hiyo, awe amepumzika barazani au ametoka shambani na jembe begani. Alifurahi, akaona amepona, akaacha vidonge. Alipokwenda kliniki kwa jambo jingine kabisa, mashine yenye mkanda wa kubana mkono ilisoma 172 kwa 104. Jioni ile niliifunga saa kwenye taulo lililokunjwa. Taulo nalo, kwa mujibu wa saa, lilikuwa na presha ya 121 kwa 78.

Tangu hapo nimesoma kila utafiti niliofanikiwa kuupata kuhusu vifaa hivi. Jibu linategemea ni namba gani unayoiuliza saa, kwa kuwa kila namba kwenye kioo kile hupatikana kwa njia yake.

Hatua: nini hasa kinahesabiwa?

Ndani ya saa kuna kihisi kidogo kinachotambua mtikisiko. Programu yake hutafuta mtikisiko wenye mpangilio, kama ule wa mkono unaokwenda mbele na nyuma mtu anapotembea, na kila mpangilio huo huuandika kuwa hatua. Kwa mtu anayetembea mikono mitupu barabarani, hesabu hiyo kwa kawaida inakaribia ukweli. Lakini tazama namna watu wa West Nile wanavyotembea. Mama anayetoka Midia kwenda soko la Koboko na beseni kichwani, mkono mmoja umelishika, anaweza kupoteza hatua nyingi ikiwa saa iko kwenye mkono huo. Kijana anayesukuma baiskeli iliyobeba magunia ya mkaa, mikono yote miwili ikiwa imeshika usukani, kwa saa yake ni kama mtu aliyesimama. Kinyume chake, dereva wa boda boda kwenye barabara yenye mashimo anaweza kuandikiwa hatua ambazo miguu yake haikuzipiga. Na anayelima? Jembe linapopanda na kushuka, saa huweza kumhesabia matembezi mtu ambaye hajatoka kwenye tuta lake, huku jasho lake halisi likiwa halijaandikwa popote.

Hata lengo la hatua 10,000 kwa siku, ambalo saa nyingi hulipigia kengele, halikuzaliwa hospitalini. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ya Japani iliuza kifaa cha kiunoni kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina zuri la kibiashara, nalo limedumu.

Na hapa kuna jambo la kufurahisha kwa Waganda. Mnamo Septemba 2018 watafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) walichapisha katika jarida la The Lancet Global Health matokeo ya tafiti kutoka nchi 168. Nchi iliyokuwa na kiwango kidogo kuliko zote cha watu wazima wasioushughulisha mwili vya kutosha ilikuwa Uganda: asilimia 5.5 tu. Kuwait ilikuwa na asilimia 67. Takwimu hizo zilitokana na maswali ambayo watu waliulizwa kuhusu kazi zao, safari zao na mapumziko yao, si na saa za mkononi. Wengi wetu, hasa tulio nje ya miji, hatuhitaji kifaa cha kutukumbusha kutembea.

Tunachokihitaji ni kingine. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Uganda ana shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Kwa hiyo namba ambayo saa huipata vizuri zaidi, ya hatua, ndiyo tunayoihitaji kidogo. Na ile tunayoihitaji sana ndiyo ambayo saa ya bei nafuu haiwezi kuipata.

Mapigo ya moyo, ngozi na mwanga wa kijani

Geuza saa, utaona taa ndogo ya kijani ikimetameta. Mwanga huo huingia kwenye ngozi, damu huufyonza, na kila moyo unapopiga kiasi cha mwanga unaorudi hubadilika kidogo. Saa huhesabu mabadiliko hayo. Ni njia iliyothibitishwa, mradi saa ifungwe vizuri na mkono utulie.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walivijaribu vifaa saba kwa watu 60. Vifaa sita kati ya saba vilipima mapigo ya moyo kwa makosa yasiyozidi asilimia 5. Kwenye kalori mambo yaliharibika: kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kilichofanya vibaya zaidi kwa asilimia 93. Anayepanga chakula chake kwa kufuata kalori za saa anafuata kisio, tena kisio kibaya.

Utafiti huo uliona pia kwamba makosa ya mapigo yalikuwa makubwa zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi zaidi. Kitaalamu hilo halishangazi, kwa kuwa rangi ya ngozi hufyonza mwanga wa kijani kabla haujaifikia damu. Hata hivyo, mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke waliwapima watu 53 wa rangi mbalimbali na hawakuona tofauti ya kitakwimu kati ya ngozi na ngozi. Walichokiona ni tofauti kati ya kifaa na kifaa, na kwamba mwili ukiwa kwenye shughuli makosa huongezeka kwa wastani wa asilimia 30 kuliko mtu akiwa ametulia. Mjadala huo haujafungwa, na binafsi ningependa kuona utafiti wa aina hiyo ukifanyika Gulu au Arua badala ya kusubiri wa North Carolina.

Kuhusu oksijeni, tahadhari ni kubwa zaidi. Hata vipimo vya kidoleni vinavyotumika hospitalini vimepatikana na kasoro. Mnamo Desemba 2020 madaktari wa Michigan waliripoti katika The New England Journal of Medicine kwamba upungufu wa oksijeni ambao vipimo hivyo haviuoni ulijitokeza karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa wazungu. Saa ya mkononi hutumia kanuni ileile, mahali pagumu zaidi kupima kuliko ncha ya kidole.

Presha na sukari

Tafakari namna kampuni kubwa zinavyolishughulikia suala la presha. Saa za Samsung zinazotoa huduma hiyo humtaka mtumiaji azilinganishe kila baada ya wiki nne na mashine ya kawaida yenye mkanda wa kubana mkono. Huawei, katika saa yake iitwayo Watch D, iliona afadhali kuweka mfuko mdogo wa hewa ndani ya mkanda wenyewe, ubane kifundo cha mkono kama mashine inavyobana. Kampuni hizo zina fedha na wahandisi wengi, lakini bado zinarudi kwenye mkanda unaobana. Saa ya shilingi 60,000 isiyo na mfuko wa hewa, wala isiyolinganishwa na mashine yoyote, inaitoa wapi namba yake? Mara nyingi hukisia kutokana na mapigo ya moyo. Pengine haifiki hata huko, kama taulo langu lilivyoshuhudia.

Kuhusu sukari hakuna nafasi ya mjadala. Tarehe 21 Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliwaonya watu wasitumie saa wala pete zinazodai kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi, ikieleza kuwa haijaidhinisha kifaa chochote cha namna hiyo. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini kwa kufuata namba isiyo ya kweli anaweza kupoteza fahamu, hata maisha, ndani ya saa chache.

Kazi yangu ya kila siku ni kutafsiri, na jambo moja lilinisumbua nilipokifungua kile kijitabu kilichokuja na saa ya shangazi. Kwenye ukurasa wa mwisho, kwa Kiingereza cha herufi za kama punje ya ulezi, imeandikwa kwamba kifaa hiki si cha tiba na kisitumike kutambua ugonjwa. Mtengenezaji amejikinga. Muuzaji hakuisoma, na shangazi, anayezungumza Kikakwa na Kiswahili, asingeweza kuisoma.

Inadumu kwa muda gani?

Saa nyingi hutangazwa kuwa hazipenyi maji kwa kiwango cha 5ATM. Hiyo ina maana ya kustahimili mgandamizo ulio sawa na wa maji ya kina cha mita 50 kifaa kikiwa kimetulia, tena kikiwa kipya. Sabuni, joto na kugongwa hudhoofisha mpira unaoziba. Vumbi la kiangazi hujikusanya kwenye vitufe na pini za chaji. Mkanda ndio hukatika mapema. Ukikosa wa saizi yake sokoni, saa imekwisha.

Chaja ndiyo udhaifu mkubwa. Kwa miaka mingi West Nile ilitegemea jenereta za Arua na mtambo mdogo wa maji wa Nyagak, nasi tukajifunza kuthamini kifaa kinachokaa siku kadhaa bila umeme. Bangili nyembamba hufanya hivyo. Saa kubwa zenye kioo angavu nyingi huhitaji chaji kila siku au mbili. Lakini chaja zake ni za sumaku, kila aina na yake, na ikipotea Koboko huenda usipate nyingine hadi Kampala.

Kuna pia kifo kisichoonekana. Saa hutegemea programu ya simu, na programu hutegemea kampuni. Jawbone, iliyowahi kuwa jina kubwa, ilifilisika mwaka 2017. Microsoft ilifunga huduma ya bangili zake Mei 2019. Vifaa vilikuwa vizima mikononi mwa watu, lakini sehemu kubwa ya kazi yake ilikoma. Na jina kubwa si kinga ya kila kitu: Machi 2022 Fitbit iliwaomba wateja warudishe saa za Ionic kwa sababu betri zake ziliweza kupata joto na kuunguza ngozi.

Ununue au usinunue?

Dorcus Inzikuru, mzaliwa wa Vurra hapa Arua, alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Helsinki mwaka 2005, miaka miwili kabla kampuni ya Fitbit haijaanzishwa. Anayejiandaa kwa mbio leo atapata faida katika saa inayopima umbali kwa setilaiti na mapigo ya moyo. Anayekaa dukani au ofisini kutwa nzima anaweza kusukumwa na hesabu ya hatua atoke nje, ingawa asitegemee miujiza: jaribio la miaka miwili la Chuo Kikuu cha Pittsburgh kwa watu 471, lililochapishwa mwaka 2016, lilionyesha kuwa waliopewa vifaa hivyo walipungua wastani wa kilo 3.5, ilhali wenzao wasio navyo walipungua kilo 5.9. Kwa mkulima, sioni sababu.

Ukiamua kununua, ijaribu mbele ya muuzaji. Tembea huku ukihesabu hatua 100 kwa mdomo, kisha tazama kioo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili, linganisha. Halafu ifunge kwenye kitambaa kilichokunjwa. Ikikupa presha ya kitambaa, umeshajua thamani ya namba zake nyingine. Presha yako ikapimwe kituo cha afya. Katika vituo vya serikali ada ziliondolewa mwaka 2001, ingawa foleni tunaifahamu sote. Wala usiache dawa kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya.

Shangazi amerudia vidonge vyake na presha yake imeshuka. Saa hakuitupa. Nilimfungia kile kipengele cha presha, nikamwekea kengele ya mtetemo. Kila jioni kioo kinapoandika 20:00, mkono wake hutetemeka, naye husema ni saa mbili, huinuka na kwenda kuchukua maji ya kumezea dawa.