Soto Hakubahatisha

Mwandishi mmoja amedai kwamba Washington Nationals, timu ya besiboli, hawakushinda usiku wa 1 Oktoba 2019, bali walizawadiwa, eti kwa sababu Trent Grisham wa Milwaukee aliukosa mpira uliokuja upande wa kulia. Nakataa katakata.

Turudi palepale uwanjani. Ni awamu ya 8, Nationals wako nyuma 3-1, wawili wameshatolewa, besi zote tatu zina watu. Mrushaji ni Josh Hader, aliyewatoa wapigaji 138 kwa straiki msimu ule. Anarusha kwa mkono wa kushoto, na Juan Soto wa Nationals naye hupiga akiwa upande wa kushoto, hali inayompa mrushaji faida kubwa. Kijana ana miaka 20. Anauchapa mpira, unapenya kulia, wenzake wawili wanafika nyumbani. Pointi hizo mbili zilihesabiwa kwa pigo lake. Kosa la Grisham lilileta ya tatu tu! Hata angeuzuia vizuri, ubao ungesoma 3-3. Bahati iko wapi hapo?

Ni kweli mkongwe Ryan Zimmerman alitangulia kupata besi kwa pigo lililomvunjia gongo, na simnyimi sifa yake. Lakini timu hii ilianza msimu kwa ushindi 19 na vichapo 31, wengi wakaizika Mei; haikufufuka na kufika fainali kwa bahati. Kijana huyohuyo akatimiza miaka 21 fainali dhidi ya Houston zikiendelea, na katika mchezo wa 6 akautuma mpira wa Justin Verlander hadi jukwaani.