Mashauri kwa Jamaa: Ua Zuri, Mgeni Mbaya

Mkisimama ukingoni mwa mto Kongo mtaona visiwa vya majani mabichi, vyenye maua ya zambarau, vikichukuliwa na mkondo. Ni gugu-maji, mgeni atokaye Amerika ya Kusini. Mashina yake yamejaa hewa, ndiyo sababu laelea.

Lilionekana mtoni mwetu mwaka 1952. Kufika 1955 lilikwisha kuenea kilomita 1,600, toka Léopoldville hata Stanleyville, ndiyo Kinshasa na Kisangani za leo. Mtauliza: mkondo washuka, nalo lilipandaje? Vyombo vyetu vililipandisha. Kipande kimoja kilichonasa ubavuni mwa mashua chatosha kuzaa shamba zima. Serikali ya Wabelgiji ilimwaga dawa nyingi, likarudi.

Likitanda, maji hukosa hewa, samaki hufa, mtumbwi haupiti. Basi, mvuvi, kabla ya kuondoka kagua mtumbwi wako. Gugu ulionalo litupe nchi kavu, likauke juani.

Nanyi wazazi, angalieni. Watu walilisafirisha gugu hili kwa kupenda ua lake. Mazoea mabaya nayo huingia nyumbani vivyo hivyo: huja na ua, na sisi wenyewe ndio tuyabebao.