Ukuta ni Wako, Maji ni ya Jirani

Dar es Salaam ya leo, ukuta hutangulia nyumba. Mtu akishalipia kiwanja Goba, Madale au Kigamboni, kabla hajachimba msingi wa chumba hata kimoja, anaita fundi amzungushie tofali. Miaka inapita, majani yanaota ndani, nyumba haijaonekana, lakini geti la chuma lipo na maandishi ya rangi nyekundu yapo: kiwanja hiki hakiuzwi. Nyumba ikija kukamilika, pevingi zinatandikwa kuanzia kibarazani hadi getini, miashoki mitano inapandwa kwa mstari, na waya wa umeme unafungwa juu ya ukuta. Mtaa mzima ukishafanya hivyo, anayepita kwa miguu anatembea katikati ya kuta mbili kama yumo kwenye ujia wa gereza.

Je, halmashauri ina haki ya kusema lolote kuhusu kipande hicho kilicho kati ya nyumba na barabara? Wenye viwanja watakujibu upesi: hati ni yangu, tofali nimenunua mwenyewe, niache. Upande wa pili wapo wataalamu wa mipango miji na wapenzi wa mazingira wanaotamani sheria ndogo itakayotaja kila kitu, tangu urefu wa uzio mpaka idadi ya miti na aina ya ukoka. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinagombania kitu kisichohusika. Bustani ya mtu ni yake hadi pale inapomgusa asiyekuwa na hati: maji yanayotoka getini, vumbi la gereji, ukuta unaomnyima mpita njia macho ya kumwona akikabwa. Hapo halmashauri iwe kali kuliko ilivyo sasa. Kwenye urembo isitie mguu.

Ninasema isitie mguu kwa sababu wenzetu walioutia wametuachia mfano. Marekani ndiyo nchi iliyoandika kanuni za bustani na uzio kwa undani wa kuchosha. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikubali mwaka 1926, katika kesi ya kijiji cha Euclid kilichoko Ohio, kwamba mji unaweza kuigawa ardhi yake kwa matumizi. Mwaka 1954 ikaongeza, katika shauri la kubomoa mitaa chakavu ya Washington, kwamba si kosa serikali kutaka mji uwe na sura nzuri pamoja na kuwa safi. Mlango ulipofunguka hivyo, kila kamji kakaandika kanuni zake. Duka likipakana na nyumba za watu, mwenyewe aweke uzio au safu ya miti. Pipa kubwa la taka lifichwe. Uzio wa mbele uwe mfupi kuliko wa nyuma.

Mengi kati ya hayo yana akili. Lakini mwaka 2013 kijiji cha Miami Shores, Florida, kilibadilisha kanuni zake kikapiga marufuku mboga mbele ya nyumba. Mke na mume waliokuwa wamelima mboga hapo kwa miaka 17, kwa kuwa nyuma ya nyumba jua halifiki vizuri, wakaambiwa wang'oe au walipe faini ya dola 50 kwa siku. Maua yaliruhusiwa. Miti ya matunda iliruhusiwa. Hata sanamu za plastiki za ndege zilikuwa halali. Bamia na kabichi ndizo zilizokuwa kosa. Waling'oa, wakaenda mahakamani, wakashindwa, wakakata rufaa, na mwaka 2017 wakashindwa tena. Kilichowaokoa ni bunge la jimbo, lililopitisha sheria iliyoanza kutumika Julai 2019 ikizuia serikali za mitaa kukataza bustani za mboga majumbani. Kanuni ile haikuwa imemkinga jirani yeyote na chochote. Ilikuwa inalinda ladha ya watu fulani kuhusu nyumba ya heshima inavyopaswa kuonekana. Na sisi tusijidanganye: ipo siku afisa wa halmashauri atasimama mbele ya nyumba yenye mchicha na matembele akasema inachafua mandhari ya mji.

Sasa tuje kwenye maji, maana yenyewe hayana ladha, yana hesabu. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Chukua kiwanja cha mita za mraba 600 ambacho paa, sakafu na pevingi vimekifunika chote. Siku ya masika ikinyesha milimita 50, juu ya kiwanja hicho zimeanguka lita 30,000, yaani maboza matatu ya lita 10,000. Kiasi fulani kitapenya kwenye viungo vya pevingi, lakini fundi wetu huzitandika juu ya kifusi kilichoshindiliwa kwa mashine mpaka kikawa kama saruji, na wengine humimina zege chini yake kabisa ili gari lisizizamishe. Kwa hiyo karibu maji yote yanatafuta geti. Mtaa wa viwanja 40 vya namna hiyo unamwaga maboza kama 120 kwenye mtaro mmoja, na mtaro wenyewe tunaujua: nusu mchanga, nusu chupa za maji.

Mwenye nyumba Kimara anafagia ua wake mkavu saa moja baada ya mvua na kujisifu kwamba hana tope. Maji yake yako safarini kuelekea bonde la Msimbazi. Sisemi pevingi ndizo zinazoizamisha Jangwani iliyoko bondeni humo. Bonde lile lina sababu zake nyingi, na mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu na kuwahamishia wengine Mabwepande, yangetokea hata kama kila nyumba ya mlimani ingekuwa na shamba. Ninachosema ni kwamba tumezoea kumlaumu aliyejenga bondeni, na bondeni kwa kweli hapakumfaa, bila kumuuliza wa mlimani anatuma nini huko chini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita hizo 60 zimebomolea watu wengi nyumba. Sijaona bado pevingi za mtu zikibomolewa kwa ajili ya mto huohuo.

Kanuni ninayoitaka hapa ni fupi. Sehemu fulani ya kila kiwanja, itajwe kwa asilimia na wataalamu wanaojua udongo wa eneo husika, ibaki inanyonya maji. Asiyetaka udongo achimbe shimo la kunyonya au ajenge tangi la kuvuna maji ya paa lenye ujazo unaolingana. Apande nini juu ya udongo huo, halmashauri isijue. Mchicha, mgomba, mwarobaini, au aache magugu akipenda.

Hasa asilazimishwe ukoka. Oktoba 2022 mto Ruvu ulipungua maji hadi mamlaka ya maji, DAWASA, ikatangaza mgao jijini, na watu wakarudi kununua madumu. Kanuni inayodai nyasi za kijani mwaka mzima katika mji wa namna hiyo ingekuwa dhihaka. Nevada, jimbo la jangwa lililoiga nyasi za Uingereza kwa miongo mingi, ilipitisha sheria mwaka 2021 ya kuondoa nyasi za mapambo tu zinazonyweshwa kwa maji ya mto Colorado kwenye maofisi na mizunguko ya barabara za eneo la Las Vegas kabla ya mwisho wa 2026. Nyasi za majumbani ziliachwa. Walizipanda kwa kuiga, wanazing'oa kwa sheria.

Ukuta ni mgumu zaidi kuliko maji, na wanaoupigia kelele kwa hoja ya uzuri wa mji hawajasikiliza hofu iliyoujenga. Mwizi yupo, ndiyo, ila si yeye peke yake. Kiwanja kimoja kuuzwa mara mbili ni habari ya kila wiki. Mtu asipozungushia, atakuta msingi wa mwingine, na kesi itakula miaka. Mbele ya baraza la ardhi, tofali zinaongea: shahidi atasema alimwona fulani akizungushia. Ukuta umekuwa hati ya pili kwa sababu hati ya kwanza haiaminiki vya kutosha. Halmashauri itakayokataza kuta ndefu kabla ya masjala ya ardhi kurekebishwa itakuwa inawaambia watu wavue nguo kwenye baridi.

Hata hivyo, ushahidi wa mpaka hauhitaji mita tatu. Tofali zinazofika kifuani zinathibitisha mpaka sawasawa na zinazopita kichwa. Ningependekeza mwenye kiwanja aachwe ajenge atakavyo pembeni na nyuma, lakini upande wa barabara tofali ziishie kifuani na juu yake iwe nondo, wavu au mmea. Kuhusu mwizi, mwaka 1961 mwandishi Jane Jacobs, akiandika juu ya miji ya Marekani, alieleza kwamba mtaa hulindwa kwanza na macho ya wanaoishi humo na wanaoupita. Bibi yeyote wa Ilala aliyekaa kibarazani anajua hilo bila kitabu. Mwizi akishaupanda ukuta wa mita tatu, ukuta unaanza kumlinda yeye: jirani haoni, mlinzi wa nyumba ya pili haoni, bodaboda kijiweni haoni.

Pwani hii ilikwisha kutatua suala la faragha kabla ya tofali za simenti. Nyumba ya mawe ya Lamu ina daka mlangoni, mahali pa kukaa na kupokea mgeni, na njia ya kuingia ndani imepindishwa ili mpita njia asiweze kuuona uwanja wa ndani hata mlango ukiwa wazi. Wenye nyumba wamestirika, na barabara haikunyimwa kitu. Imepewa baraza la kukalia. Stara ilitafutwa kwa kupinda njia. Wasanifu wetu wangekuwa na la kusema hapa, kama wateja wao wasingekuwa wanawaonyesha picha za nyumba za Dubai kwenye simu.

Kuna historia nyingine ambayo haitupendezi. Ukanda wa kwanza wa wazi wa kutenganisha matumizi katika jiji hili haukuwa wa kuzuia vumbi wala kelele. Serikali ya Waingereza iliuacha wazi ukanda wa Mnazi Mmoja ili Kariakoo ya Waafrika isigusane na eneo la biashara walikokaa Wahindi, na huko mbele Oysterbay wakapima viwanja vikubwa vyenye bustani kwa ajili ya Wazungu. Afya ilikuwa kisingizio, rangi ndiyo iliyokuwa kipimo. Leo Mnazi Mmoja ni uwanja wetu sote na tunaushukuru kwa kivuli chake, lakini asili yake inatuambia kwamba uzio wa miti unaweza kuwa ukuta wa watu. Kanuni inayodai mita kadhaa za bustani mbele ya kila nyumba ni kanuni inayodai kiwanja kikubwa, na anayekosa kiwanja kikubwa amefukuzwa bila kutajwa. Manzese, ambako mabati ya nyumba mbili yanagusana, kanuni ya bustani haina maana. Huko halmashauri inadaiwa mtaro na njia, si michongoma.

Vipi kuhusu gereji, baa na mashine za kusaga zilizo ukuta kwa ukuta na vitanda vya watu? Mtaalamu wa kigeni atakuandikia safu ya miti. Miti inakamata vumbi kidogo na inaficha magari mabovu, jambo ambalo si dogo kwa anayeyatazama kila asubuhi. Spika za baa haizizuii. Mstari mmoja wa mimea haupunguzi kelele kiasi cha sikio kujua. Unahitaji upana wa msitu. Kinachotuliza baa ni saa ya kufunga na polisi wasiokuwa wateja wake.

Halafu ipo kazi ya kuhakikisha kilichoandikwa kinafanyika. Sacramento, makao makuu ya California, ilipitisha kanuni mwaka 1983: ndani ya miaka 15, nusu ya kila eneo la maegesho iwe na kivuli cha miti. Watafiti walipokuja kupima baadaye walikuta kivuli hakijakaribia nusu. Michoro ilikuwa safi na miti ilipandwa. Ila ilipewa vishimo vidogo katikati ya lami, wengine wakaikata vichwa, na hapakuwa na aliyerudi kuikagua. Kwetu ni hivyo hivyo: kibali cha ujenzi kinatolewa kwa kuangalia karatasi, na baada ya hapo mtu wa halmashauri haonekani tena.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 kwa mamlaka za miji inaruhusu halmashauri kutunga sheria ndogo zikiridhiwa na waziri, na Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaruhusu masharti kwenye kibali. Nguvu ipo. Ningetaka itumike mara moja tu kwa kila jengo, siku mwenyewe anapotaka kuhamia: mkaguzi aje na futi, apime sehemu inayonyonya, atazame tofali za mbele zinaishia wapi, amwage ndoo mbili za maji aone zinakoelekea, aondoke.

Na aanzie nyumbani kwa serikali yenyewe. Ingia ofisi yoyote ya umma iliyojengwa miaka ya karibuni: ukuta mrefu, geti, uwanja mzima wa pevingi kwa ajili ya magari ya wakubwa, na wananchi waliokuja kufuata vibali wamebanana chini ya mwembe mmoja uliosalia nje, ambao mkandarasi hakuuona kwenye mchoro.