Likizo ya Vuli na Vitabu Visivyotahiniwa

Shule za Kenya zinapofungwa mwishoni mwa mwaka, wanafunzi wa Machakos hurudi makwao pamoja na mvua. Vuli ndiyo mvua ya kutegemewa Ukambani. Masika huja kama mgeni asiyetaka kuketi, lakini vuli, ikiwa njema, hujaza ghala. Kwa sababu hiyo hapana mkulima wa Iveti wala wa Mua angojaye tone la kwanza ndipo aanze kufikiri atapanda nini. Kabla ya wingu kuonekana mbegu ya mahindi imekwisha kuchaguliwa, na wengi huchagua ile ya Katumani ikomaayo upesi kabla mvua haijakatika; kunde na mbaazi zimekwisha kupembuliwa; jembe limekwisha kutiwa mpini. Mwanafunzi, mtoto wa mkulima huyu huyu, hufika nyumbani na majuma manane au zaidi mkononi, naye hajui atasoma nini. Mara nyingi, nasema kwa masikitiko, hasomi kitu.

Ukimwuliza, atakujibu kwa maneno aliyofunzwa na wakubwa wake: vitabu vya mtihani kwanza, vingine baadaye. Nina ugomvi na maneno haya. Yamesemwa na wazazi wenye nia njema na walimu wenye bidii, na yamerudiwa mara nyingi hata yakapata sura ya hekima. Mimi nayaona kuwa ni hadaa. Hiyo baadaye ni siku gani? Tazama waliokwisha kumaliza shule. Ingia katika nyumba zao, utazame kama kuna kitabu kilichonunuliwa kwa hiari baada ya mtihani wa mwisho. Katika nyingi hutakiona. Utaona vile vile vya zamani, vimefungwa kwa kamba na kutiwa uvunguni, mithili ya vyombo vya kazi iliyokwisha. Mtu hawezi kuwa msomaji ghafula akiwa na miaka ishirini na mitano kama hakuwa msomaji akiwa na kumi na sita.

Niliwahi kuzungumza na kijana mmoja wa kidato cha nne juu ya riwaya aliyokuwa ametahiniwa. Alinieleza maudhui yake pasipo kusita, akataja wahusika wote na sifa zao, akahesabu na mbinu za lugha kwa vidole. Nikamwuliza ni mahali gani katika kitabu kile palipomchekesha. Alinyamaza. Nikamwuliza ni mahali gani palipomsikitisha. Alinyamaza tena, kisha kwa unyofu ninaomheshimia hata leo akaniambia kuwa kitabu chenyewe hakukifungua. Alisoma mwongozo tu. Alifaulu vizuri, na hilo ndilo linalonitisha. Laiti angeanguka, tungalijua kuwa pana kosa na tungalitafuta dawa yake.

Sineni mabaya juu ya vitabu teule. Vingi ni vizuri, na waliovitunga walikesha. Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora kilipokuwa kikitahiniwa, maelfu ya vijana walikisoma na wengine walikipenda kwa dhati. Lakini ni wangapi kati yao, walipokipenda, walikwenda kutafuta Siku Njema, riwaya ya mwandishi yule yule ya mwaka 1996, kwa sababu tu ya kupenda? Hapa ndipo pana tofauti baina ya mtahiniwa na msomaji. Mtahiniwa huishia pale alipoamriwa. Msomaji hutoka katika kitabu kimoja na njaa ya kingine.

Basi nataka kila mwanafunzi, kabla shule haijafungwa, aandike kwa mkono wake orodha ya vitabu atakavyosoma wakati wa vuli. Isiwe ndefu. Nimeziona zile orodha za vitabu mia vya dunia zinazozunguka katika simu, ambazo watu hutumiana kwa fahari na hapana amalizaye hata kimoja. Vitabu vitano vyatosha, na pengine vinne. Mbele ya kila jina iandikwe sababu ya kukichagua, nayo iwe sababu ya kweli. Kama huna sababu ila kwamba watu wamekisifu, kifute. Kama sababu ni kwamba ulisikia mzee akitaja jambo fulani nawe ukaona haya kwa kutolijua, hiyo ni sababu njema kupita nyingi.

Chukua mfano wa Machakos hapa hapa. Mwaka 1937 afisa wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika taarifa juu ya mmomonyoko wa udongo katika nchi ya Wakamba. Kwa macho yake milima hii ilikuwa inakufa, na wenyeji wake walikuwa wakielekea katika umaskini usio na tumaini. Mwaka uliofuata serikali ikashurutisha kupunguzwa kwa mifugo. Ng'ombe wakatwaliwa, wakauzwa kwa bei duni. Ndipo Wakamba, wanaume kwa wanawake na watoto, wakaenda Nairobi kumlalamikia Gavana, na kiongozi wao Muindi Mbingu akahamishiwa Lamu. Kabla ya mwaka 1938 kwisha, serikali iliacha shuruti ile. Leo kuna barabara katikati ya Nairobi yenye jina la mtu huyo. Vijana wetu huipita wakienda kununua viatu, na ukiwauliza alikuwa nani, wengi watakuambia ni jina la barabara.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kiitwacho More People, Less Erosion, juu ya wilaya ya zamani ya Machakos, wakati ilipojumlisha na Makueni. Walionyesha kuwa tangu miaka ya 1930 hadi 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na juu ya hayo udongo ulihifadhiwa vizuri kuliko zamani. Wakulima walichimba matuta, wakitupa udongo upande wa juu wa mtaro kwa namna iliyokuja kujulikana kwa jina la Kiswahili, fanya juu, walipanda miti, walisaidiana kwa mwethya. Wako wataalamu walioikosoa kauli hiyo, wakisema kuwa haikutazama vya kutosha hali ya maskini. Vema. Nao wasomwe.

Sasa nakuuliza, msomaji: kijana asiyesoma hata kimoja cha vitabu hivi aitazamapo milima ya Iveti huona nini? Huona matuta, kama aonavyo mawe. Aliyesoma taarifa ya 1937 peke yake atawadharau babu zake. Aliyesoma kitabu cha 1994 peke yake atawasifu kupita kiasi. Aliyesoma vyote viwili atatoka nje, apande mlimani, amwulize bibi yake ni nani aliyechimba mtaro ule na kwa amri ya nani. Hapana mtihani utakaomwuliza swali hili. Ni yeye wa kujiuliza, na hawezi kujiuliza kama hakupanga kusoma.

Kuna aibu nyingine iliyo karibu zaidi na nyumba zetu. Mwaka 1954 John Mbiti, mzaliwa wa Kitui aliyekuja kuwa mwanachuoni wa dunia nzima, alitoa hadithi kwa Kikamba, Mutunga na Ngewa Yake. Mwaka 1966 alitoa mkusanyo wa hadithi za Wakamba kwa Kiingereza. Wapo wanafunzi katika mji huu, Wakamba wa baba na mama, wasioweza kusoma ukurasa mmoja wa Kikamba bila ya kukwama kila mstari. Sisemi kila orodha ianze na lugha ya mama, maana Machakos wanakaa watu wa makabila mengi. Ila ambaye lugha yake ina vitabu, naye hana hata kimoja katika orodha, anaazima nguo hali sanduku lake limejaa.

Yako majibu ninayoyasikia kabla sijamaliza. La kwanza ni kwamba vitabu havipatikani. Jibu hili lina ukweli, wala silidharau. Maktaba ya McMillan ya Nairobi ilipofunguliwa mwaka 1931 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Ofisi ya vitabu ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1948 ilipeleka vitabu mashambani katika masanduku, na kuwaazima watu kwa njia ya posta. Tangu mwaka 1996 ngamia wamebebeshwa vitabu kaskazini mashariki mwa nchi yetu kuwafuata wafugaji. Uhaba ni wa zamani, na sikuzote walioushinda ni wale waliojua wanachokitafuta. Asiye na orodha huingia dukani akatoka na kalamu. Mwenye orodha huwapitia wauzaji wa vitabu vikuukuu kando ya barabara akitaja jina. Hushirikiana na wenzake wawili, kila mmoja akanunua kimoja wakabadilishana. Na kubwa kuliko yote, humwendea mwalimu kabla shule haijafungwa, akamwomba kwa adabu afunguliwe stoo. Humo, katika shule nyingi, vimelala vitabu vya mitihani ya zamani vilivyoachwa mara mtaala ulipobadilika, kana kwamba hadithi huoza. Nimeona mwenyewe nakala za Shaaban Robert zikifanywa egemeo la meza.

Jibu la pili ni kwamba hapana wasaa, kwa kuwa vuli ni wakati wa kulima na kupalilia. Mwalimu Julius Nyerere alipata wasaa wa kutafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ikachapishwa mwaka 1963, hali yeye ni mkuu wa nchi changa. Mtu mwenye magugu ya robo eka asinieleze habari za wasaa. Walakini kuna mmoja ambaye jibu hili nalikubali kinywani mwake, naye ni msichana. Katika nyumba nyingi kaka akishika kitabu huambiwa anasoma. Dada akishika kitabu huambiwa amekaa bure. Huyu ametumwa maji, amerudi akatumwa kuni, amerudi akaitwa jikoni, na usiku umeingia. Wazazi wanaolipa karo ya mtoto huyu kwa muhula, kisha wakamnyima saa moja ya jioni wakati wa likizo, wanabomoa kwa mkono wa kushoto walichojenga kwa mkono wa kulia. Na kaka aliyeketi kivulini na kitabu chake aweza kuinuka akateka maji. Kitabu hakitakimbia.

Nisije nikafahamika kuwa nataka orodha iwe ya mambo mazito matupu. Orodha isiyo na kitabu cha kufurahisha hufa juma la pili. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960, ni hadithi ya upelelezi, na wako walimu wanaokunja uso mbele ya hadithi za upelelezi. Waache wakunje. Atakayemfuata Bwana Msa mpaka mwisho wa mambo atakuwa amejizoeza kutazama alama ndogo ndogo ambazo wengine wamezipita, naye atakuwa amesoma Kiswahili kitamu kisichohitaji mwongozo.

Orodha yangu mwenyewe ya vuli hii nimeiandika nyuma ya daftari la hesabu za nyumbani. Ina kile kitabu cha 1994, ambacho nilikisoma kwa haraka zamani na nina deni nacho. Ina Kusadikika, kwa mara ya tatu, kwa sababu mwanangu ameniuliza swali juu ya Karama nikashindwa kulijibu. Ina kile kisa cha Mutunga, ambacho nakala yake nimeahidiwa na mzee mmoja jirani kwa sharti kwamba nitamsomea kwa sauti, maana macho yake hayaoni tena herufi. Mstari wa nne ni mtupu. Nimeuacha kwa kitabu nitakacholetewa na mwanafunzi yeyote atakayesoma maneno haya akaona nimekosea.