Kibali cha Kazi Kisiwe Kamba



Kila msimu wa karafuu ukikaribia, husikika maneno yale yale: watu wa kuchuma hawapo. Vijana wamekwenda mjini na mahotelini, na mwenye shamba anatazama karafuu zake zikianza kuchanua mtini. Na karafuu iliyokwisha chanua imekwisha poteza thamani yake. Hapo ndipo wengine husema: Na waletwe wageni, wapewe vibali vya kazi. Sisi hatulipingi neno hilo. Twauliza jambo moja tu: kibali hicho kitamlinda mfanyakazi, au kitamfunga?

Shida hii si ngeni kwetu. Tarehe 6 Aprili, 1897, Sayyid Hamoud bin Mohammed alipotia saini amri ya kuuondoa utumwa katika sheria, wenye mashamba walihofu kuwa mikarafuu itakosa watu. Amri yenyewe ilikuwa na pande mbili. Mtumwa aliyetaka uhuru ilimpasa aende kuudai mahakamani. Na akisha upata, aonyeshe makaazi yake na njia yake ya kujipatia riziki, asije akahisabiwa mzururaji. Mkono mmoja ulimfungua, na mkono wa pili ukamtafutia kamba nyengine. Baadae Wanyamwezi waliletwa kutoka Bara kupalilia, na Wahadimu wakaja kuchuma kwa ujira wa kila pishi. Wengine walikaa mashambani, wakapalilia na kupanda mihogo yao baina ya mikarafuu. Shamba halikusimama kwa kamba. Lilisimama kwa makubaliano.

Leo Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, inamtaka asiyekuwa Mtanzania awe na kibali cha kazi. Ni haki ya kila nchi kujua nani anafanya kazi ndani yake. Lakini ikiwa karatasi inamuweka mgeni chini ya tajiri mmoja tu, na tajiri huyo akaifungia pasipoti yake kabatini, basi mgeni huyo hawezi kudai mshahara wala kuondoka.

Tusidhani kuwa khabari hii ni ya watu wengine. Binti zetu wangapi wako Maskati wakitumika majumbani? Huko Oman, hadi mwisho wa mwaka 2020, mfanyakazi wa kigeni hakuweza kuhamia kwa mwajiri mwengine ila kwa barua ya ridhaa ya mwajiri wa kwanza. Akiikosa, ilimbidi akae nje ya nchi ile miaka 2. Sharti hilo liliondolewa Januari 2021. Mzazi aliyewahi kulia usiku kwa ajili ya binti aliyenyang'anywa pasipoti ugenini, asubuhi atawezaje kuificha pasipoti ya mtoto wa mwenziwe?

Katika Suratil Qasas tunasimuliwa jinsi Nabii Musa (A.S.) alivyofika Madyan, mgeni aliyeikimbia nchi yake. Mzee wa Madyan alikuwa mtu mzima sana, na binti zake ndio waliokuwa wakichunga. Alikuwa na haja ya mtu wa kazi, lakini hakuutumia ugeni wa Musa kumdhulumu. Alimtajia muda wa miaka minane, na kumi ikiwa kwa hiari yake. Akamtajia malipo, nayo ni kuozwa bintiye. Akamuahidi kuwa hatamtia mashakani. Muda, malipo na hiari, yote yalisemwa kabla ya kazi kuanza, na Mwenyezi Mungu akafanywa shahidi.

Na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa kibarua alipwe kabla ya jasho lake kukauka, na kwamba anayemtumia mtu kazi yake yote kisha akamnyima ujira, Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa khasimu yake Siku ya Kiyama.

Basi, ndugu zetu, kabla ya kulia kuwa watu hawapo, natuhisabu: ujira wetu unatosha? Kibarua analala pahala gani? Na yule wa Bara, ambaye ni raia mwenzetu na hahitaji kibali, tunampa haki yake? Mgeni naye aandikiwe mkataba kwa lugha aifahamuyo, pasipoti yake ikae mkononi mwake, na mshahara ulipwe siku yake.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono inayochuma, na aisafishe mikono inayolipa. Amin.