Kupima Gesi kwa Sauti

Mchele hupimwa kwa mizani, na mafuta kwa lita. Je, gesi ipitayo ndani ya bomba, isiyoonekana wala kushikika, mwuzaji na mnunuzi watajuaje kiasi chake? Kijana mmoja wa chuoni kwangu aliniuliza hivyo, nami nikaona jawabu lake lawafaa wengi.

Mwogeleaji mtoni akifuata mkondo huenda upesi, akiupinga hukawia. Ndivyo ilivyo sauti ndani ya gesi. Bombani hutiwa vyombo viwili vidogo, kimoja ukuta huu na cha pili ukuta wa ng'ambo, vikitazamana kwa mshazari. Kila kimoja hutoa sauti na kupokea ya mwenziwe. Sauti yenyewe ina mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde, hata sikio la mwanadamu haliisikii. Ifuatayo gesi huwahi, ipingayo huchelewa.

Tuseme, kwa wepesi wa hesabu, sauti yaenda sambamba na mkondo. Katika hewa iliyotulia mwendo wake ni kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Ikiwa yaifuata hewa kwa mita 350 na kuipinga kwa 330, tofauti ni 20, na nusu yake, yaani 10, ndiyo kasi ya mkondo. Eneo la mdomo wa bomba likiwa nusu mita ya mraba, basi mita za ujazo 5 zapita kila sekunde.

Hapa ndipo penye hekima. Joto likipungua, sauti nayo hupunguza mwendo. Ukishuka hadi 336, tutapata 346 na 326. Tofauti ni 20 ile ile. Lau tungalisikiliza sauti moja, tungalidanganyika. Kadhi naye hahukumu kwa kauli ya upande mmoja.

Walakini gesi hushindilika, kwa hiyo mgandamizo na joto lake sharti vipimwe pia. Tena mkondo huwa mzito karibu na kuta, ndiyo maana mabomba makubwa hutiwa jozi kadhaa za vyombo. Mwaka 1998 Jumuiya ya Gesi ya Marekani ilitoa mwongozo wa mita za namna hiyo.

Katika biashara kubwa, kosa la moja katika mia ni mali nyingi ya mtu. Suratul-Mutaffifin imepewa jina la wapunjao vipimo. Basi enyi vijana, msiidharau hesabu. Kwayo haki hulindwa hata katika kisichoonekana.