Mazungumzo ya nani na nani?

Ndugu mwandishi, umeieleza vizuri ethnografia shirikishi, ile ya mtafiti na wenyeji kujadiliana hadi waandike pamoja. Ila umeisifu kana kwamba wazo limezaliwa juzi. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini lina historia, tena yenye doa.

Mwaka 1935 Brown na Hutt walichapisha kitabu kuhusu jaribio lao wilayani Iringa. Mmoja mwanaanthropolojia, mwenzake ofisa wa utawala wa kikoloni. Ofisa anauliza, mtaalamu anakwenda kwa Wahehe kutafuta jibu. Mazungumzo yalikuwepo, sikatai, lakini ya Wazungu wawili. Mhehe alikuwa mada tu.

Rungwe, miaka hiyohiyo, wanaanthropolojia Monica na Godfrey Wilson waliishi na Wanyakyusa. Walikuwa na Leonard Mwaisumo, karani na mkalimani wao. Mimi nimewahi kutafsiri mahojiano ya mtafiti mmoja karibu na Tukuyu, kazi ile naijua. Bibi anajibu kwa fumbo, nawe ndiye unayeamua lina maana gani kabla halijafika daftarini. Kitabu kikitoka, jina lako liko kwenye shukrani, mstari mmoja, chini ya wafadhili (kama walikumbuka kuliandika sawasawa).

Ndiyo maana nikisikia "shirikishi" nauliza: rasimu ilirudi kijijini? Ilisomwa kwa lugha gani? Na bibi akisema "hapo umekosea, mjukuu wangu", mtafiti anafuta, au anamwekea tanbihi?